Maisha ya Mir Sultan Khan, Bingwa wa Sataranji

Msomaji akiliona jina hili hapo juu huenda akadhani naandika habari za mfalme, kwa kuwa pwani yetu imewajua masultani kwa miaka mingi. Sivyo. Sultan lilikuwa jina lake tu la kuzaliwa, kama kwetu mtoto aitwavyo Sultani na baba yake ni mvuvi wa ngalawa. Hata Ulaya wako waliodhani ni cheo. Mtu huyu hakuwa na ufalme, na katika mchezo uliompatia sifa, yaani sataranji, ambao vijana wetu wamezoea kuuita chesi, alikufa bila cheo hata kimoja cha kimataifa. Lakini alikuwa bingwa wa Uingereza mara tatu, naye alimshinda mtu ambaye wengi hadi leo humhesabu miongoni mwa wachezaji wakubwa kupita wote waliopata kuishi.

Nimemchagua kwa sababu ya swali nililoulizwa. Mimi ndimi mlezi wa Chama cha Sataranji cha shule yetu. Wakati wa likizo iliyopita mwanafunzi mmoja wa chama alikuta tangazo katika simu ya mama yake. Tangazo liliahidi cheti chenye muhuri na cheo cha umasta kwa yeyote atakayepeleka fedha, pasipo kwenda kwenye mashindano yoyote. Mama huyu anauza vitumbua, na fedha zilizotakiwa ni faida yake ya majuma kadhaa. Alinijia shuleni akaniuliza kama yafaa alipe, maana mwanawe amemwambia kwamba cheti hicho kitamfungulia milango. Sikutaka kumjibu kwa neno moja na kumwacha aende zake, kwa sababu najua wako wazazi wengine wenye swali hilo hilo. Haya basi ndiyo majibu yangu, nami nayatoa kwa njia ya maisha ya Sultan Khan.

Alizaliwa Mitha Tiwana, katika nchi ya Punjab, ambayo siku zile ilikuwa sehemu ya Bara Hindi chini ya Waingereza, na leo imo katika Pakistan. Vitabu vingi huandika kwamba alizaliwa mwaka 1905, bali jamaa zake husema 1903. Baba yake alimfundisha sataranji alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Lakini sataranji hiyo haikuwa sawasawa na ile tunayocheza hapa shuleni. Sisi tumezoea kwamba askari, yaani kile kitunda kidogo cha mbele, aweza kuruka miraba miwili katika hatua yake ya kwanza. Kwa sheria za Kihindi za wakati ule alikwenda mraba mmoja tu. Tena askari akifika mwisho wa ubao kwetu huwa malkia kama mchezaji apendavyo, ambapo kwao aligeuka kuwa kete ya safu ile aliyoifikia: akifika katika safu ya farasi, basi huwa farasi. Sheria za mfalme nazo zilikuwa na tofauti zake.

Naomba msomaji asiyecheza sataranji anivumilie kidogo hapa, maana jambo hili lina uzito katika hadithi yetu. Kwa kuwa askari wa Kihindi walitembea polepole, mchezo wao ulianza taratibu, na majeshi mawili yalichukua muda kabla ya kugusana. Ulaya mambo yalikuwa mengine. Huko wachezaji walisoma vitabu vizima juu ya hatua kumi au kumi na tano za mwanzo, wakazikariri kama mwanafunzi akaririvyo jedwali la kuzidisha. Asiyezijua aliweza kujikuta amekwisha kushindwa kabla hajaanza kufikiri. Kijana wa Mitha Tiwana hakuwa na vitabu hivyo.

Katika miaka ya 1920 alijulikana kwa Sir Umar Hayat Khan, mtu mkubwa wa ukoo wa Tiwana, mwenye mashamba mengi, aliyepata kuwa askari, na mpenzi wa sataranji. Huyu alimchukua katika nyumba yake na akataka afundishwe sheria za Kizungu. Mwaka 1928 yakafanyika mashindano ya ubingwa wa India yote. Sultan Khan alicheza michezo tisa, akashinda minane, akaenda sare mmoja, wala hakufungwa.

Mwaka uliofuata Sir Umar alisafiri kwenda London kwa kazi za serikali, akaenda naye. Walifika mwezi wa Aprili 1929. Kwanza aliingizwa katika mashindano madogo ili apimwe, na huko alifanya vibaya, akaambulia nafasi za mwisho. Wachezaji wawili wa Kiingereza, William Winter na Frederick Yates, wakamsaidia kujifunza ile mianzo aliyokuwa haijui. Yates alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Uingereza mara kadhaa. Majira ya joto yalipofika, ubingwa wa Uingereza ulishindaniwa katika mji wa Ramsgate, na kwa kuwa uliruhusiwa kwa raia wa dola yote, Sultan Khan aliandikisha jina lake. Akatoka bingwa. Alikuwa hajatimiza hata nusu mwaka tangu ashuke melini.

Sasa niseme neno juu ya fedha, maana ndilo tunalolizungumza. Sultan Khan asingefika Ramsgate kwa nguvu zake mwenyewe. Nauli ya meli, chakula, malazi, nguo za baridi, yote yalitoka kwa tajiri wake. Mtu aweza kusema basi, huyu naye alinunuliwa ubingwa. Lakini tazama fedha hizo zilifanya nini na hazikufanya nini. Zilimvusha bahari, zikamkalisha mbele ya ubao pamoja na watu waliojua zaidi. Hapo zikaisha kazi yake. Sir Umar mwenyewe aliupenda mchezo, alikuwa na mali, tena alikuwa na vyeo vingi vya heshima kutoka kwa Mfalme wa Uingereza. Kama ubingwa ungaliuzwa, angalijinunulia yeye.

Alirudi India mwisho wa mwaka ule, kisha mwaka 1930 akaja tena Ulaya, na hii ndiyo miaka yake mikubwa. Aliwekwa ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza katika Mashindano ya Mataifa, ambayo huitwa Olimpiadi ya sataranji, kwanza Hamburg 1930, halafu Prague 1931, na mwisho Folkestone 1933. Ubao wa kwanza maana yake ni kukutana na aliye bora wa kila taifa, siku baada ya siku. Kule Liège mwaka 1930 alikuwa wa pili nyuma ya Savielly Tartakower, na mwaka 1931 wawili hao walipopambana peke yao Sultan Khan alimshinda kwa tofauti ndogo.

Lakini mchezo unaokumbukwa kupita yote ni ule wa Hastings, katika mashindano ya sikukuu ya mwisho wa 1930 na mwanzo wa 1931. Alikaa mbele ya José Raúl Capablanca wa Cuba. Capablanca alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927, na sifa yake ilikuwa kwamba hafungwi. Katika maisha yake aliwahi kukaa miaka minane pasipo kupoteza mchezo hata mmoja wa mashindano. Sultan Khan alicheza na kete nyeupe. Hakuleta hila wala vishindo. Alizibana nafasi kidogo kidogo, mpaka malkia wa Capablanca akakosa pa kukimbilia, ikambidi amtoe kwa ngome mbili. Baada ya hapo yalifuata masaa ya subira, na bingwa wa zamani akasalimu. Katika mashindano hayo Max Euwe wa Uholanzi alikuwa wa kwanza, Capablanca wa pili, na Sultan Khan wa tatu.

Kule Prague alicheza michezo kumi na saba: alishinda minane, sare saba, akafungwa miwili tu. Miongoni mwa aliowashinda walikuwamo Salo Flohr na Akiba Rubinstein, na Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alitoka naye sare. Naomba majina haya ya Tartakower, Flohr na Rubinstein yawekwe akilini, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Ubingwa wa Uingereza aliutwaa tena mwaka 1932 mjini London na mwaka 1933 huko Hastings. Na mwaka huo huo wa 1933, ubingwa wa wanawake ulichukuliwa na binti mmoja wa nyumba ile ile ya Sir Umar, aliyejulikana kwa jina la Bibi Fatima. Nataja hili makusudi kwa ajili ya wasichana wa shule yetu, ambao wapo wanne tu katika chama chenye watu thelathini na mmoja.

Yote haya aliyafanya akiwa mgonjwa mara nyingi. Baridi ya Uingereza haikupatana naye. Alipata mafua na maumivu ya koo, na malaria aliyotoka nayo kwao ilimrudia. Watu waliomwona wanasimulia kwamba alikaa ubaoni amefungwa vitambaa shingoni.

Kuna habari nyingine ambayo imesimuliwa mara nyingi, nami naiandika kwa tahadhari. Mchezaji mmoja wa Marekani, Reuben Fine, alieleza kwamba mwaka 1933 timu yao ilialikwa chakula nyumbani kwa Sir Umar mjini London, na aliyewaandalia mezani alikuwa Sultan Khan, yule yule waliyekutana naye kama bingwa. Kutokana na habari kama hizo vitabu vya Ulaya vilizoea kumwita mtumishi, tena ati hakujua kusoma wala kuandika. Jamaa zake wamezipinga habari hizi. Wao husema alitoka katika ukoo wenye ardhi na heshima ya dini, na kwamba alijua kusoma. Mimi naona si vigumu kuelewa jinsi uvumi ulivyokua. Mtu mweusi kidogo, mwenye kilemba, asiyesema sana, akiwashinda waungwana katika mchezo wao. Ilikuwa rahisi kwao kumfanya kioja kuliko kukubali kwamba ni mwenzao aliyewazidi.

Mwishoni mwa 1933 Sir Umar alirejea India, na Sultan Khan akarejea naye. Ulaya hakuionja tena. Mwaka 1935 alipambana na bwana Khadilkar, akashinda michezo tisa kati ya kumi na mmoja ukawa sare. Baada ya hapo habari zake za sataranji ni kama zimekatika. Sir Umar alifariki mwaka 1944. Mwaka 1947 nchi ikagawanyika, na nyumbani kwake kukawa Pakistan. Yeye aliendelea kuishi huko Punjab kama mkulima, akilea watoto wake.

Tufike sasa kwenye vyeo. Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, lakini lilianza kutoa vyeo rasmi mwaka 1950. Cheo cha juu kabisa kinaitwa Grandimasta. Ningependa kukitafsiri, lakini nikikitafsiri kwa Kiswahili chetu cha kila siku nitapata Mwalimu Mkuu, na cheo hicho hapa shuleni kina mwenyewe. Basi tuseme Grandimasta. Mwaka ule wa 1950 walipewa watu 27. Tartakower alikuwamo. Flohr alikuwamo. Rubinstein alikuwamo, ingawa alikuwa ameacha mashindano tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Alikuwamo hata Oldřich Duras, ambaye aliacha kucheza tangu mwaka 1914. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba waliokwisha kustaafu hawakufikiriwa. Sultan Khan, aliyewashinda watatu wale wa kwanza, alikuwa hai, na jina lake halikuwamo.

Hapa nawaomba wanafunzi wafikiri kidogo, maana jambo hili laweza kuvutwa pande mbili. Mmoja atasema: basi vyeo ni upuuzi, kwa kuwa mtu mkubwa alikosa na bado alikuwa mkubwa. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Kukosa cheo kulimgharimu Sultan Khan. Orodha za Magrandimasta ndizo zilizosomwa na vizazi vilivyofuata, na jina lisilokuwamo husahauliwa upesi. Nimekutana na vijana wanaoweza kutaja Magrandimasta ishirini bila kupumua, wasijue kwamba mtu wa Punjab alimfunga Capablanca. Tena leo cheo kina manufaa yanayoonekana. Mwenye cheo hualikwa, mara nyingi huingia mashindanoni pasipo kulipa kiingilio, na akitaka kufundisha watu humwamini. Kijana yule aliyesema cheti hufungua milango hakusema uongo.

Ila hufungua kwa sababu gani? Ili mtu awe Grandimasta hana budi kufikisha alama 2500 za kiwango cha FIDE, na kupata mara tatu matokeo ya Grandimasta mbele ya wapinzani wenye nguvu, katika michezo isiyopungua 27. Mwenye kumwalika hamwaliki karatasi. Anamwalika mtu ambaye michezo yake imeandikwa hatua kwa hatua, na kila mtu aweza kuifungua na kuitazama. Ukiondoa ile michezo, cheti hubaki kama risiti ya mzigo usiokuwapo.

Wengine huniambia kwamba FIDE nayo hutoza fedha. Ni kweli. Kwa miaka mingi ada ya kuandikisha cheo cha Grandimasta ilikuwa yuro 330, Masta wa Kimataifa 165, na vyeo vya chini 70 na 50. Wako wanaonung'unika, nami nawaonea huruma walio maskini, kwa maana yuro 50 si kitu kidogo katika nyumba nyingi za wazazi wetu. Lakini hii ni sawa na ada ya mtihani. Wazazi hulipa ada ya mtihani wa Kidato cha Nne, wala hakuna asemaye kwamba wamenunua alama, na kila mwaka tunawaona waliolipa wakishindwa. Fedha huja pamoja na kazi, haisimami mahali pake.

Kati ya hayo mawili pako mahali pa kijivu. FIDE ina vyeo vya kucheza kwa mtandao vinavyoitwa vya Arena, vilivyokusudiwa wachezaji wa kawaida. Mtu hucheza kwenye kompyuta, akifika alama fulani hulipa na kupata cheo. Cha juu kabisa huitwa Grandimasta wa Arena, nacho kiliwekewa alama 2000 za mtandaoni. Sivilaumu vyeo hivi kama mtu ajua alichonacho, na kama fedha anayo ya kuchezea. Mwanafunzi akifurahi kukiona ukutani, na afurahi. Lakini jina lenyewe limekaa karibu mno na lile jingine, na sidhani limekaa hapo kwa bahati. Nimemsikia mtu akijitambulisha kwa cheo hicho mbele ya wazazi huku lile neno la mwisho akilimeza.

Ama lile tangazo la mama wa vitumbua, hilo halikutaka hata kuchezwa kwa mchezo mmoja. Hilo lilitaka fedha basi. Nilimwambia asilipe, na hapa narudia kwa wazazi wote: msilipe. Kijana atakayekwenda na cheti kile kwenye mashindano atawekewa ubao mbele yake kama wengine, na kwa hatua ya ishirini kila mtu chumbani atakuwa amejua. Aibu hiyo ataipata yeye, wala si yule aliyepokea fedha.

Kwa jirani zetu wa Uganda yuko mfano ulio karibu. Phiona Mutesi, msichana wa Katwe mjini Kampala, aliyekuwa akitembeza mahindi utotoni, alipata cheo chake cha Kandideti Masta wa Kike kwa kucheza katika Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012. Ni cheo cha ngazi ya mwanzo, Magrandimasta wangekipita bila kukitazama, lakini aliyekisoma alijua kwamba binti huyo ameketi kweli mbele ya ubao katika nchi ya mbali, akapata alama zilizotakiwa. Kilichohitaji fedha katika habari yake kilikuwa kama kile cha Sultan Khan: nauli, chakula, na mtu wa kumfundisha.

Ndiyo maana nimeuomba mkutano wa wazazi, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, kwamba michango ya chama chetu itumike kwa mambo matatu hayo, na kwa saa mbili za mashindano, kwa sababu tunazo tatu na moja imekufa. Na siku mwanachama wetu atakapofikisha alama za cheo chochote ubaoni, nami nitazunguka na kofia kutafuta ada yake, kuanzia chumba cha walimu.

Nirudi kwa marehemu. Watoto wake hakuwafundisha sataranji. Mwanawe mmoja alisimulia kwamba baba yao aliwataka wafanye na maisha yao jambo lenye manufaa zaidi. Wapenzi wa mchezo huona uchungu wakisikia habari hii, na mimi pia ni mmoja wao. Pengine alikumbuka baridi, koo, na ile hali ya kuwa bingwa ambaye safari zake zote ziliamuliwa na mtu mwingine. Aliugua kifua kikuu, akafariki Sargodha tarehe 25 Aprili 1966.

Mwezi wa Februari 2024, miaka karibu 58 baada ya kifo chake, FIDE ilimtunukia Mir Sultan Khan cheo cha Grandimasta wa heshima. Rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, alifika Islamabad na kumkabidhi hati hiyo Waziri Mkuu wa muda wa Pakistan. Jina la Sultan Khan likawa la kwanza la Pakistan katika daraja hilo. Mchezo wa Hastings haukubadilika hata hatua moja kwa ajili hiyo. Tangu siku ulipochezwa ulikuwa na nguvu zile zile, na waliojua kuusoma walijua aliyeucheza ni nani.

Mchezo huo tutaucheza upya ubaoni, hatua zote, Ijumaa ya juma la mwisho kabla ya kufunga shule, baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha Kidato cha Pili. Wanafunzi wa vidato vyote waje na kalamu na karatasi. Wazazi watakaofika mapema kuwachukua watoto wao wanakaribishwa kukaa nasi, na kwa yule mama wa vitumbua nimekwisha kuweka kiti cha mbele.